Mkwe na Kisanduku cha Picha

Mkunga hakuwa mtu wa kuamini kirahisi, na kazi yake ndiyo iliyomfanya hivyo. Alizalisha wanawake wa mtaa mzima, akawasikia waume wakiapa mlangoni kwamba walikuwa safarini, akawaona mawifi wakihesabu miezi kwa vidole. Alistaafu, lakini jicho lake halikustaafu.

Basi Jumamosi ile mkwe wake, fundi wa mitandao aliyemwoa binti yake mkubwa, alipobisha hodi na begi mgongoni na tabasamu pana mno kwa asubuhi ile, Mkunga alimpokea kwa mikono miwili na kwa jicho moja.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba. Mwenzio yuko wapi?"

"Amebaki na watoto. Mimi nimekuja kushughulikia kile kisanduku cha Mzee."

Kisanduku kilikaa sebuleni chini ya runinga, cheusi, ukubwa wa mkate, kimeunganishwa kwa waya na ruta ya intaneti. Ndani yake mlikuwa na diski mbili, na humo ndimo marehemu mumewe, mpiga picha, alimomimina kazi ya maisha yake: maharusi, mahafali, watoto wa watu wakiwa na meno mawili, na picha za nyumba yake mwenyewe. Mkunga alikuwa akiziangalia kwenye runinga siku akizidiwa na ukimya wa nyumba.

"Kina ubaya gani?" aliuliza. "Mbona kinafanya kazi?"

"Kampuni iliyokitengeneza imekitelekeza, Mama. Programu yake imezeeka, ina matundu. Mwizi wa mtandaoni akitaka anaingia tu. Nataka niing'oe, niweke Linux."

"Ndiyo mnyama gani huyo?"

Mkwe akacheka. "Ni mfumo endeshi. Ndio unaoiambia mashine ifanye nini. Huu ni wa bure, unaandikwa na watu dunia nzima, na yeyote anaweza kuusoma ulivyoandikwa."

"Kwa hiyo ni kitu cha bure, kimeandikwa na watu usiowajua, nawe unataka kukiingiza sebuleni kwangu."

"Ukiusema hivyo, Mama, unatisha."

Mkunga hakucheka. Kwa wiki kadhaa mkwe huyu alikuwa akimsukuma akubali, kila akipiga simu lazima akitaje kisanduku. Haraka ya nini? Tena kulikuwa na ile taa yake ndogo ya mbele. Alasiri nyingi ilipepesa kama mtu anayekonyeza, ilhali ndani ya nyumba hakuna aliyegusa kitu. Siku alipomuuliza mkwe, alijibu, "Inajisafisha tu," akageukia dirishani. Mkunga alishawaona wengi wa kugeukia dirishani.

Mkwe akachukua bisibisi, akakifungua kisanduku, akachomoa zile diski. "Nazitoa kwanza," alisema, "nisije nikakosea nikazifuta. Mfumo wenyewe utakaa kwenye flashi hii ndogo, kwa nyuma." Kila diski akaiviringishia taulo. Kisha akazitia zote mbili begini mwake na kuvuta zipu.

Begini! Meza ilikuwepo, kabati lilikuwepo, hata kochi lilikuwepo. Mkunga akavuta kiti karibu, akajitia kukunja nguo.

Maandishi meupe yakaanza kuteremka kwenye kompyuta ya mkwe. Mara simu yake ikaita. Akaitazama, akamtazama Mama, akatoka nayo barazani. Mkunga akaenda kufunga dirisha ambalo tayari lilikuwa limefungwa.

"Ndiyo, leo leo," mkwe alikuwa akinong'ona. "Ile njia ya zamani inakatika kabisa... Hapana, Mama hajui. Usiwe na wasiwasi, yako nitakuwekea pembeni."

Mkunga alihisi damu ikimpanda kichwani. Yako pembeni! Akamkumbuka yule mpiga picha wa barabara ya pili, aliyekuja hata matanga hayajaisha kuulizia kama picha za zamani za mtaa zinauzwa. Alimfukuza yule. Kumbe amepata mlango wa uani, tena kupitia kwa mume wa mwanawe mwenyewe!

Hakupiga kelele. Alifungua begi, akatoa diski, akayarudisha mataulo yakiwa matupu, akavuta zipu kama alivyoikuta. Diski akazipeleka chumbani, akazisokomeza kabatini katikati ya mashuka. Mkwe aliporudi alimkuta anakunja gauni lile lile.

Kazi iliendelea. Mkwe alibofya, akasubiri, akajibu maswali ya kompyuta, akauliza kama kuna maji ya kunywa. Mwisho akapiga makofi. "Umekaa! Tunarudisha diski, tumemaliza."

Akafungua begi. Akatoa taulo la kwanza, likaning'inia. La pili likaning'inia vile vile. Akalipindua begi zima sakafuni, zikamwagika nyaya, chaja na soksi ya mtoto. Akapiga magoti, akachungulia chini ya kochi.

"Mama, kuna mtu ameingia hapa?"

"Nani aingie? Tuko wawili."

Alikuwa akiusubiri uso wa mwizi aliyeibiwa, ule wa hasira iliyochanganyika na aibu. Alioupata ulikuwa mwingine. Mkwe alikuwa amekaa sakafuni, mdomo wazi, jasho linamtiririka, akirudia, "Picha za Mzee, jamani. Picha za Mzee." Uso huo Mkunga aliujua kutoka kwa waume waliosubiri kwenye mabenchi ya wodi ya wazazi. Moyo ukamlegea kidogo. Kidogo tu.

Hapo simu ikaita tena, juu ya meza, na jina lilisomeka wazi: Shemeji Mdogo. Mkunga akaiwahi kabla ya mwenyewe.

"Shem, mbona hakuna kitu?" Sauti ilimwagika kabla hajasema halo. "Nimejaribu kuingia, patupu! Picha za Baba ziko wapi? Si uliniahidi?"

Mkunga akakaa kitini. Alikuwa Kitinda, binti yake wa mwisho. Mara baada ya matanga, Mkunga alipoipangisha studio ya marehemu kwa msusi wa nywele, Kitinda alisimama katika sebule hii hii akamwambia, "Mama, umemzika Baba mara ya pili." Akaondoka siku hiyo hiyo. Tangu hapo hakupiga simu, na Mkunga naye hakupiga.

"Kitinda," alisema.

Sauti ya upande wa pili ikashuka. Kisha, taratibu, "Mama?"

"Picha zipo. Ziko kabatini. Nimezificha mimi."

Mkwe pale sakafuni akafunika uso kwa mikono yote miwili.

"Umezificha? Kwa nini?"

"Nilidhani huyu shemeji yako anaziiba."

Kitinda akaangua kicheko, na kicheko kikageuka kilio njiani, mama yake akausikia mgeuko wenyewe. "Nilikuwa naziangalia tu," alisema alipoweza. "Nikitoka kazini, naingia kwa nenosiri lake Baba. Sijagusa hata moja. Shemeji aliona kwenye mtandao kuna mtu anaingia, akanijua. Nikamwomba asikwambie."

"Si ungeniomba mimi?"

"Ungenipa?"

Mkunga alitaka kusema ndiyo. "Sijui," alisema. "Kwa hasira nilizokuwa nazo, sijui."

Mkunga akairudisha simu kwa mwenyewe, akaenda chumbani, akaja na diski amezikumbatia.

Mkwe alizipachika bila neno la lawama. Wakasubiri. Majina ya mafolda yakajitokeza moja moja, kisha picha zenyewe, na marehemu akiwa mbele ya kioo na kamera kifuani.

"Sasa, Mama, uamuzi ni wako," mkwe alisema. "Shemeji nimfungulie mlango wake, au nifunge kabisa?"

"Mfungulie. Ila aingie kwa jina lake, siyo la marehemu. Na mimi unifundishe kuona nani yumo."

"Sawa."

"Na wewe? Umejiwekea mlango?"

Mkwe akajikuna shingo. "Upo mmoja. Wa matengenezo."

"Uondoe. Ukitaka kutengeneza, utabisha hodi kama leo."

Aliuondoa mbele yake, Mkunga amesimama nyuma ya bega lake anasoma kila herufi, haelewi hata moja, na hakubanduka mpaka mkwe alipoapa kuwa umekwisha.

Kitinda hajarudi nyumbani bado. Lakini alasiri nyingine hupiga simu akiwa amefungua picha fulani huko aliko. "Mama, huyu mwenye koti kubwa ni nani?" Mkunga huwasha runinga, huitafuta picha hiyo hiyo, humwambia ni nani na mama yake ni nani. Habari ya studio hawajaigusa, wote wawili huipita mbali. Halafu husikika mmoja akisema, "Haya, nyingine," na mwingine anafungua.