Katibu Nyuma ya Kioo

Saa moja na dakika kumi asubuhi, Jumatatu, mnyororo haukuwepo kwenye mlango wa ghala.

Aliyeliona hilo kwanza ni mfumaji wa mashine namba thelathini na sita, mwanamke ambaye ukumbi mzima ulimwita Shangazi kwa sababu nusu ya waliokuwamo aliwafundisha kazi yeye. Alipita hapo akielekea kwenye mashine yake, akasimama. Mlango wa chuma ulikuwa umepakwa rangi ya kijani, bado mbichi. Pete mbili zilizokuwa zikishika mnyororo zilikuwa zimekatwa, na mahali pake pamepigwa msasa mpaka pakalingana na chuma kingine. Juu ya mlango palikuwa na kibao kipya: NJIA YA DHARURA. Sakafuni, mbele ya kizingiti, doa jeusi lilikuwa bado lipo. Walilisugua, likakataa.

Akaenda kuwasha mashine. Saa moja na robo mashine mia na ishirini zilikuwa zinakwenda, na kuanzia hapo hakuna aliyesikia kitu. Humo ukipiga kelele husikiki hata na aliye hatua moja nawe, kwa hiyo watu husema kwa midomo tu. Sauti haitoki. Neno huchongwa polepole, mdomo ukifunguka zaidi ya kawaida, na mwenzako aliye upande wa pili wa ukumbi hulisoma. Mgeni akiingia mara ya kwanza hudhani wafumaji wanatafuna kitu. Mfumaji aliyekaa miaka miwili anaweza kusoma umbea kutoka mita thelathini.

Spana, fundi wa mitambo, alichomoza chini ya mashine ya jirani akiwa na grisi mpaka kwenye nyusi. Alielekeza kidevu upande wa ghala.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema kwa midomo.

"Wamepaka lini?"

"Jana, Jumapili. Hata bibi harusi hapambwi haraka hivyo."

"Kwa hiyo anakuja kweli?"

"Saa tatu. Katibu mwenyewe." Akarudi chini ya mashine, kisha akatoa kichwa tena. "Shangazi. Mimi usinitaje. Mkataba wangu ni wa miezi mitatu mitatu."

"Nimekusikia."

Moto ulikuwa umewaka siku kumi na moja kabla, ndani ya ghala la marobota ya nguo. Mkunjaji mmoja alikuwamo, naye alikuwa mke wa mdogo wake Shangazi. Shangazi aliona moshi, akaiacha mashine ikienda, akakimbia. Alifika mlangoni pamoja na Spana. Mnyororo ulikuwa umefungwa kwa nje na kufuli, kama ulivyofungwa kila zamu ili marobota yasiibiwe. Mlinzi alikimbilia ofisini kutafuta ufunguo. Spana alianza kukata kwa msumeno wa chuma. Ndani, wifi yake aligonga. Aligonga kwa muda, kisha hakugonga tena. Msumeno ulikuwa umefika nusu ya pete moja ya mnyororo.

Tangu siku hiyo maiti ilikuwa hospitali. Waliambiwa haiwezi kutoka mpaka sababu ya kifo iandikwe, na sababu haiwezi kuandikwa mpaka kamati ya bunge inayosimamia mambo ya kazi imalize uchunguzi wake. Mlinzi alihamishiwa kiwanda kingine siku iliyofuata. Mume wa marehemu, mdogo wake Shangazi, alikwenda hospitali kila asubuhi, akakaa kwenye benchi, akarudi.

Mwenyekiti wa kamati hiyo alikuwa Katibu.

Miaka kumi na tisa nyuma alikuja kiwandani akiwa kibarua, akakabidhiwa kwa Shangazi. Mikono yake ilikuwa mizito. Alikata mtande, zile nyuzi za urefu, kila siku, na nguo zake zilitoka na makovu. Lakini kusema kwa midomo alijifunza kwa wiki moja, kisha akazidisha. Akiomba mkasi, hata aliyekuwa getini alijua kwamba anataka mkasi. Wakamcheka. Mdomo huohuo ndio uliomfanya kiongozi. Wakati wa mgomo, siku kumi na saba getini, polisi walipochukua kipaza sauti, alipanda juu ya pipa akasema bila hicho, na watu wa nyuma kabisa walifuata kila neno. Alikaa rumande wiki sita. Alitoka na kikohozi, akachaguliwa katibu wa chama cha wafanyakazi. Mkataba wa hali bora aliousaini na kampuni ulikuwa na kifungu cha kumi na nne, alichokiandika kwa mkono wake: mlango wowote wa mahali pa kazi hautafungwa kwa nje watu wakiwamo ndani. Wafumaji walikijua kwa moyo.

Wakampeleka bungeni. Walimwombea kura nyumba kwa nyumba, baada ya zamu, na pamba bado ikiwa kwenye nywele. Mwaka wa kwanza alikuja kila mwezi, akakaa juu ya kreti la nyuzi, akasikiliza. Mwaka wa pili alikuja msaidizi wake. Mwaka wa tatu ilikuja barua ya msaidizi. Mwaka wa nne mnyororo ulirudi ghalani. Walimwandikia mara mbili, kimya. Mkubwa ni jaa, walisema, ana mengi. Wakamchagua tena.

Saa tatu na nusu mashine zilizimwa. Ukimya uliumiza masikio. Katibu aliingia na wajumbe wawili waliokuwa wakitazama dari, na meneja nyuma yao. Alimwendea Shangazi moja kwa moja.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, Katibu."

"Mheshimiwa," meneja alimsahihisha, kwa upole.

"Mwache, bwana. Hapa mimi ni Katibu. Huyu ndiye aliyenifundisha kufunga fundo." Watu wakacheka, zaidi ya neno lenyewe lilivyostahili. Akageuka kuwakabili. "Nimekuja kwa ajili ya mwenzetu. Aliyeona lolote aje juu, ofisini, mmoja mmoja. Nimelala rumande kwa ajili yenu. Leo mnifiche mimi?"

Mwakilishi wa sasa wa chama alitazama viatu vyake. Wengine walimtazama Shangazi. Alivua aproni, akaikunja, akapanda ngazi.

Ofisi ya meneja ni chumba cha vioo kilichojengwa juu ya ukumbi, ili anayekaa humo aone kila mashine. Katibu alimwomba meneja awapishe, akakaa kwenye kiti chake. Alimmiminia Shangazi maji.

"Watoto wa marehemu wanaendeleaje?"

"Wanauliza."

"Poleni sana. Haya, sema, mama yangu. Usiogope."

Alisema. Katibu alikuwa na kalamu iliyofunguliwa na karatasi mbele yake, lakini hakuandika.

"Mnyororo uliuona kwa macho yako?"

"Niliushika. Ulikuwa umeshapata moto." Akafungua kiganja. Alama za pete nne zilifuatana toka kidole gumba mpaka chini ya kidole cha mwisho.

Katibu alikitazama kiganja, kisha akaitazama kalamu. "Saa hiyo ulikuwa zamu?"

"Ndiyo."

"Mashine uliizima?"

"Katibu, mtu anaungua."

"Nakuuliza kwa sababu watakuuliza. Kuacha mashine ikienda bila mtu ni kosa. Mtu anafukuzwa kwa hilo."

"Wewe uliiacha siku ya mgomo."

Alicheka, na kicheko kilikuwa cha kweli. "Wewe mama una kumbukumbu."

"Kifungu cha kumi na nne nacho nakikumbuka."

Hapo hakucheka. Alizungusha glasi ya maji juu ya meza. "Nyie mnaona upande mmoja. Hapa kuna watu mia nne. Kesho mwenye kiwanda akifunga, akapeleka mashine zake kwingine, hao mia nne niwaambie nini?"

"Waambie mlango ulikuwa umefungwa."

"Sawa. Sawa, Shangazi." Aliinama mbele, sauti ikashuka. "Lakini neno la mtu mmoja ni neno la mtu mmoja. Na wewe ni ndugu wa marehemu, watasema una uchungu. Yupo mwingine aliyeona?"

Shangazi alifumba kiganja.

"Siwezi kupigana kwa mkono mmoja. Nipe mwingine. Yupo?"

"Yupo, ila aliniomba."

"Aliomba asitajwe kwa meneja. Mimi ni meneja?"

Nje ya kioo wafumaji walikuwa wamekaa juu ya kreti, wakingoja. Wengine waliangalia juu.

"Spana," alisema. "Fundi wa mitambo. Yeye ndiye alikuwa anaukata ule mnyororo."

Katibu aliandika. Neno moja tu. Akafunga kalamu.

"Niachie mimi," alisema.

Saa nne na dakika tano mashine ziliwashwa tena. Shangazi alifunga nyuzi mbili zilizokatika, akainua macho. Meneja alikuwa amerudi ofisini; alisimama akiupa ukumbi mgongo. Katibu alisimama akiukabili, mikono nyuma, kama mtu anayekagua gwaride. Alikuwa anasema. Miaka kumi ya bunge na vipaza sauti haikuupunguza mdomo wake hata kidogo. Ulifunguka na kufungika vilevile alivyofundishwa, silabi kwa silabi.

"Ni wawili tu," alisema Katibu nyuma ya kioo.

Mgongo wa meneja ulitikisika kidogo.

"Mmoja ni fundi. Yule wa grisi. Mkataba wake unaisha lini?"

Meneja alijibu, jibu halikuonekana.

"Usingoje mwisho wa mwezi. Leo."

Meneja akaelekeza kidole chini, bila kugeuka, upande wa mashine ya thelathini na sita.

"Huyu mama hana shida. Maiti bado iko kule. Atasaini mwenyewe."

Shangazi aligeuka kushoto. Mfumaji wa thelathini na tano alikuwa ameinua uso, mkono umesimama juu ya nyuzi. Nyuma yake mwingine. Mstari kwa mstari, mpaka ukuta wa mwisho, nyuso zilikuwa zimeelekea juu. Wote walikuwa wamesoma. Hakuna mashine iliyosimama.

Katibu aliona watu wote wakimtazama. Aliinua mkono, akawapungia.

Mmoja mmoja waliinamisha macho kwenye nguo.

Spana peke yake hakuona. Alikuwa chalichali chini ya mashine ya hamsini na moja. Shangazi aliizima mashine yake, akaenda, akamgonga buti. Spana akajivuta nje.

"Nimekutaja."

"Kwa nani?"

"Kwa Katibu."

Spana alitoa kitambaa mfukoni, akafuta mikono, kidole kimoja baada ya kingine. Hakuonekana kukasirika. Alionekana kama anayehesabu miaka.

"Angeniuliza mimi," alisema kwa midomo, "ningekutaja wewe. Kwa yule? Ningekutaja."

Walinzi wawili walikuja kabla hajasimama. Walimwambia aache spana zote, ni mali ya kiwanda. Alisema moja ni yake, aliinunua mwenyewe. Wakaichukua nayo. Alipita katikati ya mashine mia na ishirini akisindikizwa, na kila mfumaji aliyempita alikuwa na uzi wa kufunga.

Saa sita msimamizi alimjia Shangazi, akamwambia ana ruhusa ya nusu siku. Hakuwa ameomba. Getini alimkuta mdogo wake amevaa shati lililopigwa pasi.

"Dada, wamekubali. Anatoka leo." Alisema haraka, kama anayeogopa neno litabadilika njiani. "Mheshimiwa ametoa jeneza, na gari. Msaidizi wake amenipigia mwenyewe."

"Amekuambia nini kingine?"

"Wanataka saini mbili. Yangu na ya ndugu mtu mzima."

Gari lilikuwa pale, limetangulia kuletwa. Mlangoni kulikuwa na picha ya Katibu ya kampeni iliyopita, na dereva aliwafungulia kwa heshima.

Hospitali, karani alitoa fomu kwenye droo, akaisukuma chini ya dirisha dogo. Mdogo wake alisaini akiwa amesimama, bila kuisoma, au kwa kuwa alikwisha kuisoma. Akampisha. Shangazi alisoma. *Marehemu alikuwa amelala ndani ya ghala wakati wa kazi, mlango ukiwa wazi, na hakuitika alipoitwa.*

"Umeyaona haya?"

"Nimeyaona."

"Mkeo alikuwa amelala?"

"Dada."

"Nakuuliza. Mimi nilikuwa upande wa pili wa mlango."

"Najua ulikuwa wapi." Aliongea bila kupandisha sauti. "Leo asubuhi wamenipeleka ndani nikamtambue. Siku kumi na moja. Usiniambie nikueleze nilichokiona."

Shangazi alimgeukia karani. "Nisiposaini?"

"Inarudi kwenye kamati, mama. Bunge limeahirishwa, kikao kijacho ni mwezi wa tisa." Karani alikuwa mwanamke wa makamo, hakuwa na ubaya usoni. "Na nisikufiche. Jokofu letu moja halifanyi kazi tangu wiki iliyopita."

Mdogo wake alikuwa ameegemea ukuta. Hakumwomba kitu. Alishikilia kofia yake kwa mikono miwili, akitazama mlango wa chumba cha ndani.

Chini ya saini ya mume palikuwa na mstari wa pili. Jina la Shangazi lilikuwa limeshapigwa chapa hapo, kamili, na baada yake: *mfumaji, mashine namba 36, shahidi aliyekuwepo mlangoni.*

Saa nane na dakika ishirini alisaini. Alipotaka kuandika tarehe pembeni, karani alimzuia kwa kidole.

"Acha, mama. Imeshawekwa."

Aliangalia. Ilikuwa tarehe ya Ijumaa iliyopita, siku tatu kabla Katibu hajaja. Karani akapiga muhuri juu yake.