Mbwa Aliyeitwa Hukuja

Tangazo lilipita Butimba asubuhi kwa gari lenye kipaza sauti: Jumamosi mbwa wote wapelekwe ofisi ya kata wakachanjwe, na atakayebaki bila chanjo atapigwa risasi. Kichaa cha mbwa kilikuwa kimeingia mtaani, na bwana mifugo hakuwa na mzaha. Bernadeta aliposikia aliinama kuchungulia chini ya kitanda. Mbwa wake alikuwa amejikunyata ukutani, anatetemeka, ingawa gari lilikwisha kupita zamani.

Mbwa mwoga ni fedheha. Huyu hakuwahi kumbwekea hata kuku wa jirani. Ukimwita, masikio yanalala, mkia unazama katikati ya miguu, na ukimsogelea anajikojolea. Mayala, mume wa Bernadeta, ambaye tangu apunguzwe kazi kiwanda cha nguo alikuwa akiuza mitumba, alisema angemtoa nyongeza kwa mteja, ila bado hajapata mteja mjinga kiasi hicho. Maneno tu hayo. Mbwa huyo aliletwa na binti yao, Rose, akiwa kitoto ndani ya kikapu, wiki ile ile Rose alipozama ziwani. Alikufa kabla hajamchagulia jina.

Jina alilitoa Bernadeta, matanga yalipoanuliwa. Mtaa mzima ulikuja kulia naye isipokuwa mtu mmoja: Agutu, mama Otuoma, jirani wa ng'ambo ya ua wa minyaa, mwanamke wa Shirati ambaye walikuwa wakiazimana chumvi, moto, na hata watoto wa kutuma. Agutu hakukanyaga msibani. Basi Bernadeta akafanya wafanyavyo watu wengi wanapotaka kumsema jirani bila kusema naye: akampa mbwa jina lenye ujumbe. Akamwita Hukuja.

Tangu hapo, asubuhi na jioni, alisimama karibu na minyaa akaita, "Hukuja! Wee Hukuja!" kwa sauti ya kukata. Ng'ambo, Agutu aliacha kufagia akaingia ndani, na Bernadeta akapata nafuu kidogo ya moyo. Wapiganapo fahali wawili nyasi huumia, na nyasi za hapa zilikuwa na miguu minne na mkia. Lakini nani alimwangalia mbwa?

Siku zile kabla ya chanjo ndipo alipomwangalia. Aliketi sakafuni kando ya kitanda, akampa mbwa ubavu, asimkazie macho, akawa anamtupia dagaa mmoja mmoja bila kusema neno. Mbwa alitoa pua. Kisha shingo. Mwishowe alitoka akaweka kidevu juu ya paja lake, akashusha pumzi. Bernadeta alifurahi mno hata akataka kumsifu. "Hukuja," alimnong'oneza.

Mbwa alirudi uvunguni kwa kasi, kichwa kikagonga mbao za kitanda.

Hapo Bernadeta alielewa, na kuelewa kulimuuma. Mbwa hakuzaliwa mwoga. Hasira aliyokuwa akimrushia Agutu ilipita kwanza masikioni mwa mbwa, na mbwa aliichukua yote kuwa yake. Alijaribu kulitamka jina lile kwa utamu, akalirudia jikoni peke yake kama mwanakwaya, likatoka kali vile vile. Kwake neno lile lilikuwa na sauti moja tu.

Jumamosi Mayala alikuja na kamba. Mbwa alimponyoka, akakimbia uani, akapenya tundu la minyaa. Bernadeta alichungulia. Ng'ambo alimsikia Agutu akisema polepole kwa Kijaluo, "Bi. Bi, nyathina." Njoo, mwanangu. Na mbwa wake yule yule alikuwa miguuni pa Agutu anatafuna mapanki, yale mabaki ya sangara yatokayo viwandani, mkia umesimama. Bernadeta hakuwa amewahi kuuona mkia ule umesimama. Ilionekana wazi kwamba wawili hao wamezoeana siku nyingi. Wivu ulimkaba, lakini jua lilikuwa linainama na bwana mifugo angefunga kazi. Akazunguka hadi kwenye lango ambalo hakuwa amelipita tangu msiba.

"Hodi."

Agutu alishtuka, akajifuta mikono kwenye kanga. "Karibu, mama Rose."

"Nisaidie kumpeleka. Kwangu mimi haji."

Agutu alijifunga kanga vizuri, akatoka langoni. Alisema "bi," na mbwa akamfuata mpaka ofisi ya kata, huku watu barabarani wakikatisha mazungumzo kuwatazama wanawake wale wawili pamoja.

"Jina la mbwa?" aliuliza bwana mifugo.

Bernadeta alitazama chini.

"Anaitwa Hukuja," alijibu Agutu, taratibu kabisa. Hata hivyo mbwa alijibana chini.

"Nyie na majina yenu! Haya, mshikeni. Akimng'ata mtu hapa sichanji tena, ni risasi."

Walipiga magoti, Bernadeta akamkumbatia mbwa kifua, Agutu akamshika kichwa.

"Na ni kweli, sikuja," Agutu alisema juu ya mgongo wa mbwa. "Nilifika kwenye minyaa, miguu ikakataa. Mama Rose, siku ile bomba lilikuwa kavu. Nikamwona Rose anapita, nikamtuma maji ziwani. Sikujua kama magugu maji yamefunika mpaka kwenye kina, mtu haoni anapokanyaga."

Siku zote Bernadeta aliamini mwanawe alikwenda kucheza. Kumtuma mtoto wa jirani hakuombewi ruhusa; yeye mwenyewe alikuwa amemtuma Otuoma mara ngapi? Lakini yowe lililompanda kifuani halikutaka kujua hayo. Chini ya mkono wake akahisi misuli ya mbwa inakakamaa, makucha yanatafuta ardhi ya kurukia. Bwana mifugo alikuwa anakuja na sindano. Bunduki ilikuwa imeegemezwa ukutani.

Akaliuma yowe. Akavuta pumzi, akaiachia, akavuta tena, hata mbwa akalegea kidogo.

"Mshike vizuri kichwa, mama Otuoma," alisema kwa sauti ya chini ambayo mbwa angeweza kuivumilia. "Tutaongea akishachomwa."