Keria ya Walburga

Mwaka ule wanunuzi binafsi walipoanza kugombania kahawa ya Namswea, Methodi alikwenda Mbinga na fedha mfukoni, akarudi na baiskeli ya gia kutoka dukani kwa Ausi. Mtumba wa Ulaya, mali ya lami. Mkewe, Walburga, mama yake Hilda, aliipokea kwa vigelegele. Jumapili ile akapakiwa kwenye keria mpaka misani, wanawake wote wakimwona.

Lakini matairi yalikuwa membamba kama ufito, na barabara ya kuteremkia ziwani ni kokoto tupu. Safari ya kwanza tu, baiskeli ikamtupa Methodi mtaroni. Hakukata tamaa. Akatafuta matairi mapana yenye meno. Yakagoma kuingia, akang'oa madigadi. Bado yakakwaruza vyuma vya keria, na keria nayo ikang'oka. Kwenye kokoto, alimweleza mkewe, upepo usijae sana, tairi libonyee kidogo lishike njia. Walburga hakusikia. Alikuwa anaitazama keria iliyolala chini.

Basi Jumapili zikawa Methodi yuko mbele, mwepesi, Walburga nyuma kwa miguu. Baiskeli ikaogeshwa, ikalala chumbani, ikafunikwa kitenge. Gaudiosa, jirani asiye na breki mdomoni, akamuuliza Walburga kisimani bi mdogo wake ameamkaje. Wenzake wakacheka. Walburga akacheka nao, na ndoo ikamponyoka.

Akamwomba mumewe airudishe keria. Akajibiwa haiwezekani, tairi halina nafasi.

Siku moja Methodi akateremka Tingi, njia ya ziwa Nyasa, kwa shughuli zake, na keria ameibeba mgongoni, ndani ya gunia, mkewe asijue. Jioni akaonekana anapanda kilima taratibu, na nyuma yake amekaa mtu. Dorothy, muuza dagaa, miguu upande mmoja, ametulia kama yuko kwao.

Methodi akaeleza kabla hajaulizwa. Fundi wa Tingi kavirefusha vyuma, vinapita nje ya tairi. Alitaka kumshtukiza mkewe. Dorothy kamkuta njiani kateguka mguu, angemwacha? Dorothy akashuka akichechemea kweli kweli, akashukuru, akajikokota kwa dada yake.

"Keria ni yako, Mama Hilda. Nimekutengenezea wewe."

"Yangu, ila kaizindua mwingine."

"Mguu umevimba ule, si umeuona?"

"Nimeuona. Na ulivyokuwa unaning'inia nimeuona."

Jumapili Methodi akaisimamisha baiskeli mlangoni, akakunja gunia likawa mto. Majirani walishaanza kutoka. Walburga alitaka kutembea, walahi alitaka. Lakini akawaza: asipokaa yeye, kila mguu utakaoteguka huko Nyasa utapata kiti.

Akakaa.

Kokoto zikaanza kulia chini ya tairi. Methodi akamwambia amshike kiuno vizuri, mbele kuna mteremko. Walburga akashika chuma.