Mistari Tisa ya Chini

Mimi hukata kutoka chini. Miaka ishirini na sita nimekaa kwenye meza ya usanifu ya gazeti letu, na ofisi nzima inaniita Bi Mkasi, tena mbele yangu. Habari ikizidi nafasi, naanza na aya ya mwisho, napanda juu mpaka itoshe. Sisomi, nakata. Kila mwandishi aliyefundishwa kazi anajua kwamba jambo kubwa huwekwa juu na makombo huachwa chini, na asiyejua shauri yake.

Sasa mwaka huu tukaletewa Miezi Sita. Ndivyo tulivyomwita, kwa sababu huo ndio muda wa ufadhili wake. Kuna shirika linalowalipia vijana wa aina ambayo vyumba vya habari haviijui, watoto wa mafundi na wachuuzi, watu ambao sisi huwaandika wakipatwa na mafuriko tu. Wanakaa nasi nusu mwaka, kisha gazeti linaamua kama litawaajiri. Binti huyu alitoka mtaa wa ng'ambo ya korongo. Cheti chake alikisomea jioni, mchana akiuza mitumba, na kwao hakuna aliyewahi kufika chuo kabla yake. Kazi hii aliitaka kufa na kupona. Alikuwa anafika ofisini kabla hata ya mfagizi.

Nikapewa mimi nimlee. Mpango wenyewe ulikuja na fomu: kila wiki nikae naye saa mbili, nimwonyeshe makosa yake, niweke saini. Saini niliweka. Kukaa ndiko hatukukaa. Alikuwa akija na daftari lake kifuani, "Mama, una nafasi kidogo?" nami najibu, "Kesho, mwanangu, leo kazi imenifika shingoni." Kesho yangu haikufika hata siku moja. Ijumaa naandika "saa mbili", natia saini, napeleka kwa katibu muhtasi, naenda zangu nyumbani.

Mara moja tu nilimwambia neno, na hilo nalo nilimtupia nikiwa nimesimama. Alikuwa ameandika moto wa sokoni, akaanza na hali ya hewa, akaja kwenye wateja, mpaka aya ya saba ndipo watu wawili wakafa.

"Ebo! Wewe unatuandikia gazeti au unaandika barua ya kwenu?"

"Kwetu habari nzito haimwagwi mlangoni, Mama," akasema. "Bibi alipofariki, mjomba alikuja akakaa, akanywa chai, akatuuliza habari za shule, ndipo akatuambia. Unamkalisha mtu kwanza."

"Gazeti halina kiti," nikamjibu. Wenzangu wakacheka, nami nikajiona nimefundisha.

Zikiwa zimebaki wiki mbili ufadhili wake uishe, halmashauri ikazindua daraja la waenda kwa miguu, lile la chuma linalovuka korongo. Lilikuwa limekarabatiwa na kupakwa rangi ya samawati. Akatumwa yeye, maana ni mtaani kwao. Alirudi saa tisa, akaandika, akaileta. Saa kumi na nusu watu wa matangazo wakaja mbio na tangazo la magodoro, lazima liingie ukurasa wa tatu, na ukurasa wa tatu unafungwa saa kumi na moja. Habari ya daraja ikazidi kwa mistari tisa. Nikasoma aya mbili za juu: utepe, mgeni rasmi, makofi, rangi. Nikasema moyoni, hii hata ikikatwa nusu hakuna atakayelia. Nikaondoa mistari tisa ya chini, nikaweka kichwa cha habari, "Daraja la Korongoni Lapendeza", ukurasa ukaenda.

Siku ya sita, ubavu wa kushoto wa lile daraja ukaachia. Bahati ilikuwa asubuhi mapema, watu hawajaanza kumiminika. Aliyeanguka ni mmoja, fundi wa kuchomelea mwenye kibanda pale pale mwanzo wa daraja. Alivunjika nyonga na mkono.

Kesho yake, kwenye kikao cha asubuhi, mhariri mkuu aliingia na magazeti mawili, la wenzetu lenye picha ya chuma kinachoning'inia, na letu la wiki iliyopita. Akayalaza mezani bega kwa bega.

"Nani alikwenda pale?"

"Mimi," akasema Miezi Sita.

"Ulisimama juu ya lile daraja?"

"Nilisimama."

"Na ulichoona ni rangi!"

Binti akainamia daftari lake. Mhariri mkuu akangoja, akachoka kungoja. "Basi Ijumaa tutamalizana. Bi Mkasi, niletee tathmini yake leo hii, nami niwaandikie wafadhili kwamba huyu hatumchukui."

Nikarudi mezani kwangu. Kusema kweli nilikuwa nimeshapata na sentensi yenyewe: hana jicho la habari. Nikafungua kompyuta nitafute nakala yake ya kwanza, ile inayobaki kama ilivyoletwa kabla hatujaigusa, nipate mifano ya kumkaanga nayo. Nikaisoma yote. Mistari tisa ya mwisho ilikuwa hivi:

"Hata hivyo, fundi wa kuchomelea mwenye kibanda kando ya daraja amesema boliti nne za ubavu wa kushoto zimeliwa na kutu, nazo hazikubadilishwa bali zimepakwa rangi. Fundi huyo alimshusha mwandishi chini ya daraja, akamwonyesha. Boliti moja ilizunguka kwa vidole. Fundi anasema ubavu huo hautamaliza mwezi."

Nikainuka kwenda kumtafuta.

Nilimkuta ngazi za nyuma, ameketi na daftari lake magotini.

"Kwa nini hukusema pale kikaoni?"

"Niseme nini, Mama?"

"Kwamba uliandika! Kwamba yalikatwa!"

"Nilidhani mmechunguza mkaona si kweli," akasema, bila kelele, kama mtu anayekuelekeza njia. "Nilijua nyinyi mna namba za wahandisi, mna uzoefu. Nikarudi kwa fundi. Alikuwa amenunua gazeti, anatafuta maneno yake pale chini, maana nilimwambia yatakuwa mwishoni. Akaniuliza yako wapi. Nikamwambia wakubwa wa ofisini wamechunguza, huenda amekosea." Akalifunga daftari. "Akasema kama hakuna anayesikia, atakwenda kuzikaza mwenyewe kabla watoto wa shule hawajaanza kupita. Alikuwa anazikaza, Mama. Spana wameikuta chini korongoni."

Nimewahi kuaibika maishani, mimi si malaika. Lakini aibu kama ya siku ile sikuwahi kuionja.

"Hakuna aliyechunguza," nikamwambia. "Niliyekata ni mimi. Sikusoma."

"Hukusoma?"

Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kwa mshangao, na ingekuwa nafuu angenitukana.

Sitajisafisha: nilifikiria kunyamaza. Nilikuwa nimebakiza miaka miwili nistaafu, na nakala za kwanza hakuna anayezifungua. Niliketi mbele ya fomu ya tathmini nusu saa nzima. Kisha nikaandika, kwenye nafasi ya saa za malezi kwa miezi yote: sifuri. Nikachapa na ile mistari tisa, nikaenda navyo kwa mhariri mkuu, nikabisha hodi kabla moyo haujanigeuka.

Alisoma mara mbili.

"Na hizi saini za kila wiki?"

"Za uongo."

"Ulikata bila kusoma?"

"Kama siku zote."

Akavua miwani. "Unajua kwamba sitaweza kukulinda?"

"Sikuja kulindwa. Nimekuja kukwambia huyo binti alikuwa na habari kabla ya mji mzima, tukaitupa kwa ajili ya magodoro. Ukimfukuza yeye ukaniacha mimi, mkuki kwa nguruwe."

Akanitolea macho, kisha akatazama dirishani. "Aandike yeye habari ya leo," akasema. "Nikishaisoma ndipo nitaamua. Na wewe baada ya leo hutagusa tena kurasa za habari."

Siku ile nilikaa naye saa mbili, za kweli. Aliandika fundi yuko hospitali, boliti zilipakwa rangi, halmashauri iliambiwa na nani na lini, vyote juu kabisa, bila chai wala salamu. Alikuwa akijua siku zote, alihitaji tu mtu wa kumwambia kwa nini. Mwisho nafasi ikapimwa, habari ikazidi kwa mistari mitano. Nikaanza kusoma tangu juu. Aya ya mwisho ilisema: "Fundi huyo alilieleza gazeti hili kuhusu boliti hizo siku sita kabla ya ajali. Maelezo yake yaliondolewa kabla ya kuchapishwa."

Miezi Sita akaegemea mezani, akaonyesha kwa kidole. "Hii ya mwisho ni mistari mitano kamili, Mama. Ukiitoa inatosha sawasawa."

Alikuwa ananipa mlango wa kutokea, mtoto yule. Nikapanda juu, nikakata mistari mitano ya hotuba ya mgeni rasmi siku ya uzinduzi. Kwenye aya ya mwisho nikaongeza maneno matatu baada ya "yaliondolewa": na mhariri msanifu.

Ijumaa yeye alipewa barua ya ajira, mimi nikapewa barua ya onyo na meza ya barua za wasomaji. Ofisini sasa hawajui wamwiteje, maana miezi sita imekwisha na yeye yupo.

Jumamosi tukaenda hospitali. Fundi alikuwa amelala chali, mkono mmoja umefungwa plasta. Binti akamshikia gazeti. Picha fundi hakuitazama, kichwa cha habari hakukisoma. Macho yalikwenda moja kwa moja chini, kwenye aya ya mwisho, akaisoma polepole kwa midomo.

"Safari hii yapo," akamwambia binti.

Kisha akageuza shingo upande wangu. "Na huyu mama ni nani?"

Binti akanitazama, akaniachia nijibu mwenyewe.

Nikavuta kiti, nikakaa. Nikamwuliza amelalaje, nikamwuliza nyumbani hawajambo, watoto nao. Ndipo nikamwambia.