Misheni ya Samaki ya Mama Adelaïde

Mwezi ule Mama Adelaïde, mpishi wa internat yetu, shule ya bweni huko Masisi, alianguka mtoni mara tatu. Mlima wetu una kijito kimoja tu, na maji yake hayapiti kifundo cha mguu. Mara ya tatu alikuja mkono mmoja umefungwa kwa kitenge, akakoroga maharage kwa mkono wa kushoto, yakaungua. Tuliyamaliza bila mtu kulalamika, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika historia ya internat.

Kila mtu alijua kwamba kijito hicho kinaitwa Evode.

Evode alikuwa mume wake. Tangu vita vianze alikuwa karani wa bariyeri, kizuizi cha askari kwenye barabara ya Sake: ndiye aliyesoma karatasi za wasafiri na kuzipiga muhuri. Kazi hiyo aliiheshimu kuliko sala. Aliwahi kurudisha maiti kwa sababu karatasi yake haikuwa na tarehe.

Prefe wetu, yaani mkuu wa shule, Papa Byamungu, aliwaita wafanyakazi kwenye chumba cha kulia. Madirisha ya chumba hicho hayana vioo, kwa hiyo sisi wanafunzi tulihudhuria kutoka nje. Prefe alipendekeza Evode aandikiwe barua ya ushauri. Mwalimu wa dini alipendekeza siku tisa za maombi. Papa Jérôme, dereva wa lori, alipendekeza Evode apigwe, akaombwa akae.

Mama Kavira, mtu wa kabila la Wanande anayetunza stoo, alikuwa akichambua mchele muda wote huo.

"Tunaongea juu yake kama vile hayuko hapa," alisema. "Mama Adelaïde, wewe unataka nini?"

Ilionekana hakuna aliyefikiria swali hilo.

"Sitaki kupoteza kazi," alisema Mama Adelaïde. "Na nataka kuenda kwa dada yangu Bweremana, kando ya ziwa, mimi na mutoto. Lakini njia inapita kwa bariyeri yake. Alisema akiniona pale ataniua mbele ya watu."

"Bweremana iko samaki," alisema Mama Kavira.

"Iko," alisema prefe, bila kuelewa.

"Internat haijakula sambaza, wale samaki wadogo, tangu Pasaka. Tunahitaji muntu wa kununua kule, kukausha na kututumia kwa lori. Mshahara uleule. Mwandikie ordre de mission."

Prefe alielewa. Kwetu hiyo ndiyo karatasi ya mfanyakazi anayesafiri kikazi, na bariyeri hazina ugomvi nayo. Aliiandika kuanzia asubuhi hadi saa sita. Kazi: ununuzi wa samaki. Muda: hadi mwisho wa misheni. Msaidizi: Benita, miaka minne, mwenye jukumu la kuhesabu samaki.

"Anahesabu mpaka ngapi?" aliuliza prefe, maana hapendi kuandika uongo.

"Tano," alisema mama yake.

"Itatosha. Akifika tano ataanza upya."

Yaliyotokea bariyeri tuliambiwa na Papa Jérôme, ambaye akidanganya huongeza askari. Safari hii hakuongeza hata mmoja.

Ilikuwa siku ya soko. Nyuma ya lori kulikuwa na foleni ya akina mama wa maharage, na kamanda wa bariyeri alikuwa ameketi kando akinyolewa ndevu. Evode alimwona mke wake, pamoja na Benita, kwenye kiti cha mbele.

"Shuka."

Mama Adelaïde alitoa karatasi dirishani kwa mkono uliokuwa mzima.

"Niko kazini," alisema. "Soma kwanza."

Evode alisoma. Kisha akasoma tena, kutoka chini kwenda juu.

"Kamanda, huyu njo muke wangu."

Kamanda hakugeuza kichwa, kwa sababu ya wembe. "Karatasi iko na muhuri?"

"Iko."

"Sahihi? Tarehe?"

"Iko."

"Sasa unaniuliza nini?"

"Mimi juzi ulinirudisha sababu ya tarehe," mama mmoja alisema kwenye foleni. "Huyu tarehe yake iko. Ao tarehe haina kazi tena, karani?"

Foleni nzima ilisubiri jibu. Evode alitafuta kosa, na mwishowe akalipata: msaidizi hakutia sahihi. Benita alishushwa, akachovya kidole kwenye wino wa baba yake, akakibandika kwenye karatasi, halafu kwenye shati la baba.

"Misheni inaisha lini?" Evode alimwuliza mke wake kwa sauti ya chini.

"Imeandikwa."

Alipiga muhuri kwa nguvu mpaka kamanda akamwonya asitikise meza, watu wananyolewa.

Wiki iliyofuata Evode aliomba ruhusa ya kwenda Bweremana. Karani haachi bariyeri bila ordre de mission yake mwenyewe, na kamanda alikuwa tayari kumwandikia. Alipofika kwenye sababu ya safari aliinua kalamu na kumwuliza, mbele ya foleni, aandike nini. Evode alifikiri. Bado anafikiri.

Sambaza hufika kila Alhamisi. Prefe huongeza muda wa misheni kila mwisho wa mwezi, na mara moja alimtuma Papa Jérôme aulize kama inakaribia kwisha. Jibu lilirudi pamoja na gunia: mkono umepona, Benita amefika kumi na mbili, na ziwa bado lina samaki.