Wa Kujaza Nafasi

Maneno yaliletwa na fundi cherehani wa mtaani kwetu: eti binti yangu mkubwa, mfanyakazi wa ndani huko ng'ambo, ameungua mikono kwa mafuta ya kukaangia, na bosi wake bado anamwoshesha vyombo. Nikamwambia aache umbea. Lakini hayakunitoka. Kwenye simu ya picha binti alikuwa akionyesha uso tu.

Nyumbani tulishanawiri. Chini vigae, friji sebuleni, nyuma vyumba vya kupangisha vinajengwa. Baba yao aliacha kupaka rangi majumba ya watu, akawa anashinda barazani akiitwa mzee wa ng'ambo, na pasipoti hana.

Siku moja nikamwambia, "Mwanangu, nionyeshe mikono."

Akaegemeza simu, akaiinua. Vidole vya kulia vilikuwa vimeshikana, ngozi inang'aa kama nailoni.

"Mama, nataka kurudi."

Baba yake akaninyang'anya simu. Hakumpa hata pole. Alimwambia vyumba havijaezekwa, ajikaze. Shangazi mtu, aliyekuja kunywa maji ya baridi, akadakia: "Arudi afanye nini? Achambue mchele kwa miguu?" Wakacheka, na mtoto anasikia.

Nikaenda kwa wakala aliyempeleka. Aliniamkia vizuri, akanipa kiti, akasema mkataba haujaisha. Akitaka kuondoka, kwao walete wa kujaza nafasi yake. Nilirudi nalia, nikamweleza mume wangu nilivyoshindwa. Kumbe mwenzangu ameona njia. Akamwita binti yetu mdogo, aliyekuwa akisubiri majibu ya mtihani.

"Hebu lete mikono."

Binti akadhani ni utani, akainyoosha. Baba akaigeuza huku na huku kama anachagua nyanya.

"Hii mizima. Kesho ukapige picha ya pasipoti."

Nilimshika miguu mume wangu. Akaniuliza friji nitailisha umeme kwa machozi?

Mkubwa amerudi, analala sebuleni, maana chumba chake kina mpangaji. Mdogo yuko jikoni kulekule.

Wenye mabinti, nawaomba:

Msiache kazi kwa sababu mtoto anatuma.

Msijenge kwa mshahara wa mtu asiyeweza kuondoka.

Msimwambie aliyeumia ajikaze.

Chumba chake msipangishe.

Na mkipewa sharti na wakala, msilipeleke nyumbani kwa mtu aliyekwisha zoea raha.