Picha za Mawingu

Kila asubuhi baada ya mvua kubwa, Godelive aliwasha jenereta ya ofisi, pale Bunia, akasubiri picha ya satelaiti. Picha ilionyesha ulimi wa tope ambao mto wa Djugu huusukuma ndani ya Ziwa Albert. Kazi yake ilikuwa kuichapisha picha, kumpelekea Chef Josaphat, mkuu wa ofisi, na akikubali, kuupima ulimi ule.

Tangu Aprili picha zilitoka mbichi. Tope lilidondoka pembeni mwa karatasi, na mama wa usafi akaweka beseni chini ya mashine ya kuchapa.

Aprili ndipo kilima cha mgodi kilipoporomokea mtoni. Kampuni ya mgodi ilisema hakuna kilichoporomoka. Rodrigue, mume wa Godelive, alikuwa akichimba pale, na hakurudi. Wakwe walikataa matanga.

"Kaka yangu iko Nia-Nia, anakula sombe ya mwanamuke mwingine," alisema wifi yake Carine. "Mutu muzima hatumulilii."

Juu ya kila picha Chef aliandika "mawingu". Picha ya mawingu haipimwi wala haipelekwi wizarani Kinshasa.

"Chef, lakini jana jua liliwaka kutwa."

"Maman Godelive, weye ulikuwa kule juu pamoja na satelaiti?"

Godelive alitazama viatu vya Chef. Siku zote Chef alisema hajawahi kufika mgodini. Viatu vilikuwa na udongo mwekundu wa kilima kile.

Baada ya mvua ya tano Rodrigue alitoka kwenye karatasi, mabega kwanza. Godelive alimpa kiti na maji. Maji yakageuka rangi ya mto.

"Siye tulikuwa kumi na tisa," Rodrigue alisema. "Mashine ya kampuni ilikata kilima kule chini. Tuliwaambia."

Chef aliingia, akamsalimia kwa heshima, akamwomba ainue kiwiko. Akachukua picha iliyokuwa chini yake na kuandika "mawingu".

Carine aliitwa. "Si nilisema iko muzima," alianza. Kisha akamshika kaka yake mkono, na vidole vyake vikazama kama kwenye tope. Akafungua kitambaa cha kichwa, akakaa chini, akalia.

Matanga yalikuwa siku tatu. Rodrigue alikaa kati ya waombolezaji, akikauka polepole. Siku ya tatu Godelive alimzoa kwa mikono, wakamzika. Chef alikuja kutoa pole, viatu vimeoshwa.

Jumatatu mvua ilinyesha tena, na kesho yake mama wa usafi alileta beseni la pili. Godelive alipanga viti kumi na vinane ukutani, akawasha mashine.

Chef Josaphat alikuwa ameshafungua kalamu.